Wimbo wa Kurudi

Barakoa kumi na tano zilitundikwa ukutani kwa kamba, na zote zilikuwa uso wa bibi kizee mmoja. Kitani kilichokaushwa kwa gundi, rangi nyeupe ya chokaa, midomo wazi, nywele zilizokatwa ovyo kama za mfiwa. Euthias wa Akarnai, kijiji cha nje ya Athene, mchoma makaa mwana wa mchoma makaa, alizitazama kila asubuhi alipoingia katika nyumba ya mazoezi, na kila asubuhi alitamani kuvaa yake upesi. Ndani ya barakoa hakuna anayekuuliza wewe ni nani. Na tangu siku ile ya tanuri, hilo ndilo swali aliloliogopa kuliko mkuki.

Wenzake walizichukulia kama vyombo vya kazi. Walizipangusa, wakazitemea mate kuondoa vumbi, wakazivaa huku wanapiga soga. Yeye alikuwa akigeuka ukutani kwanza.

"Mwacheni," alisema Smikros, mfinyanzi wa mjini ambaye mdomo wake haukujua kupumzika. "Watu wa Akarnai hunawa kwa masizi. Anaona haya tusije tukamkuta msafi."

"Angalau masizi hutoka," Euthias alimjibu. "Wewe udongo umekuingia mpaka kichwani."

Wakacheka, naye akacheka nao, kwa maana utani ulikuwa kimbilio lake. Mtu anayetaniwa hachunguzwi.

Aliyewafundisha ni Fanias. Alikuwa mfupi, mwenye upara na sauti iliyolishinda umbo lake, na mchezo aliutunga mwenyewe. Ulikuwa wa malkia wa zamani anayemngoja mwanawe atoke vitani. Wenye kusema walikuwa watatu tu, wakibadilishana barakoa kadiri habari ilivyohitaji. Hawa kumi na tano walikuwa waitikiaji, vikongwe wa nyumba ya malkia. Waitikiaji wakishaingia hawatoki mpaka mwisho. Huona yote, huyalilia yote, na hawana uwezo wa kuzuia hata moja. Ndivyo desturi ilivyotaka, na Fanias hakuwa mtu wa kuchezea desturi.

"Sikilizeni," alisema siku moja ya baridi, akiwa amejifunga shuka hadi masikioni. "Wimbo wa kwenda, mnakwenda kulia. Wimbo wa kurudi, mnarudi kushoto. Maneno ni mengine, ila nyayo ni zilezile, moja baada ya moja, hakuna kuiba hata nusu. Anayekwenda asirudi si mchezaji. Huyo ni mtoro."

"Na anayerudi kwa njia ya mkato, Mwalimu?" Smikros aliuliza.

"Huyo ni wewe, na leo utarudia peke yako mpaka zumari lichoke."

Walijipanga kama kawaida, safu tatu za watu watano watano. Safu ya kushoto ndiyo iliyopita karibu na watazamaji, kwa hiyo ndiko walikowekwa mafundi, akiwemo Smikros. Ya kulia ilikuwa ya wale wa wastani. Ya katikati, iliyofichwa na wenzake pande zote mbili, wenyewe waliiita uchochoro. Huko ndiko mwalimu alikoficha miguu mizito, na huko ndiko alikowekwa Euthias.

Zumari lilianza. Walikwenda, wakageuka, wakarudi. Walipofika katikati Fanias alipiga makofi, akapenya kati ya safu na kusimama mbele ya Euthias.

"Wewe," alisema taratibu. "Sikukuu ya mvinyo ya kijijini kwenu nilikuja kumtazama shangazi yangu, nikakuona umevaa barakoa ya mbuzi. Hatua ya tatu uliiacha ining'inie. Pumzi moja tu, halafu ukaishusha. Nywele zilinisimama. Nikasema, mwaka wangu wa kupewa mchezo ukifika, huyu lazima nimchukue. Sasa hatua ile iko wapi?"

"Nitaipata, Mwalimu."

"Sikukuambia uipate. Nakuuliza umeipeleka wapi."

Nyuma ya uso wa bibi kizee jasho jembamba lilimtiririka Euthias mpaka kidevuni, na hakuna aliyeliona.

Ukweli ni kwamba hakuwahi kuwa nayo.

Kiangazi kilichopita, Fanias alipopanda Akarnai kumtafuta mchezaji wake, alichojua ni kwamba ni mmoja wa wana wawili wa mzee Dexitheos. Aliwakuta kwenye tanuri, baba yao akiwa amekwenda sokoni na punda. Lampon, mkubwa, alikuwa juu ya tanuri na kitambaa mdomoni, anaziba kwa udongo mahali moshi ulipotokeza. Euthias alikuwa chini, anachanja magogo. Wakati huo orodha ya watakaopanda meli kwenda vitani Thrakia ilikwishabandikwa mjini, na majina ya ndugu hao wawili yalikuwamo, moja chini ya jingine.

"Nani kati yenu alivaa barakoa ya mbuzi siku ya mvinyo?" Fanias aliuliza. "Nina kundi la kufundisha. Anayefunzwa ngoma ya mungu Dioniso haendi vitani mpaka sikukuu ipite. Hiyo ni sheria, jina lake nitalifuta mimi mwenyewe."

Euthias alikuwa ameota usiku wa kuamkia siku ile kwamba anazama. Hiyo si sababu, lakini alijipa hiyo kila alipotaka kujitetea. Ulimi hauna mfupa. Kabla hajajua anasema nini, alikuwa amekwisha kusema.

"Mimi."

Lampon alisimama juu ya tanuri na koleo mkononi. Aliyekuwa amevaa barakoa ya mbuzi ni yeye, na kijiji kizima kilikuwa kimelewa siku ile, hapakuwa na wa kuapa. Neno moja tu lingetosha. Alimtazama mdogo wake, macho tu juu ya kile kitambaa cheusi, halafu akainama akaendelea kuziba moshi.

Meli zilikaa bandarini siku tisa zikingoja upepo. Siku ya pili Lampon alimwita Euthias chini ya kibanda cha makaa, mahali ambapo vumbi jeusi lilikuwa limelala chini, laini kama unga.

"Njoo hapa," alisema. "Kama utakuwa mimi, ujifunze basi kutembea kama mimi. Sitaki kuaibishwa na miguu yako."

"Kaka, nitamfuata yule mwalimu nimwambie—"

"Umwambie nini? Vua viatu."

Akamfundisha. Moja, mbili, halafu ya tatu mguu unasubiri hewani, kisigino kikitangulia kushuka. "Usiusukume. Uache uchelewe. Kuna mtu nyuma yako, unamngoja akufikie." Euthias hakuweza. Alijaribu siku saba, nyayo zake zikifuata za kaka yake kwenye vumbi, na kila mara mguu wa tatu ulianguka mapema kama jiwe kisimani. Siku ya tisa upepo ulivuma. Lampon alichukua ngao, mkate wa shayiri na vitunguu saumu, akamwinamia baba yao apate baraka. Alipompita mdogo wake alimgonga begani kwa ngumi, si kwa nguvu, akasema, "Pumzi moja tu, we mbishi."

Hilo ndilo neno lake la mwisho. Angemtukana ingekuwa nafuu.

Habari ililetwa kabla ya mvua za kwanza, na haikuwa habari. Ilikuwa jina katika orodha. Walivuka mto wa Thrakia wakashambuliwa, waliokufa ni hawa. Mifupa ilirudishwa ndani ya masanduku ya miberoshi, sanduku moja kwa kila kabila la mji, na nyuma ya masanduku likaletwa jeneza tupu lililotandikwa shuka, kwa ajili ya wale ambao miili yao haikuonekana. Siku ya maziko mzee Dexitheos alisukumana na watu mpaka akalifikia jeneza hilo. Aliweka kiganja juu ya shuka, akalibonyeza kidogo, akahisi mbao. Kisha akautoa mkono.

Macho yake yalikuwa yameliwa na moshi wa miaka arobaini. Hakuona tena sura za watu; aliona maumbo yakipita, na akawatambua kwa mwendo. Kila askari aliyerudi kutoka Thrakia alimwendea, akasimama mbele yake na kuuliza, "Ulimwona? Lampon wa Akarnai. Alikuwa mrefu kidogo, ana mwendo wa kusitasita." Mmoja alisema labda alikuwa upande wa nyuma. Mwingine alisema mto ulikuwa mwekundu, hawakuangaliana. Hakupatikana hata mmoja aliyeweza kusema, nilikuwepo, alianguka hivi.

Hilo lilimtafuna Euthias kwenye mazoezi kuliko uchovu. Kwa maana mchezo ulikuwa na mjumbe. Katika michezo ya Athene mjumbe hakosekani: kifo hakitokei mbele ya watu, hutokea ndani ya nyumba au mbali, halafu anakuja mtu anayehema, ambaye hata jina hana, na kusimulia yote toka mwanzo. Siku moja kijana mmoja wa safu ya kulia alimuuliza Fanias kwa nini mtoto wa malkia asiuawe palepale uwanjani, watu wakaona.

"Damu wanaiona bure machinjioni," Fanias alijibu. "Hapa hawaji kuona mtu anakufa. Wanakuja kuona mtu anaambiwa."

Basi mjumbe alisimama, akasimulia jinsi mwana wa malkia alivyovuka mto, jinsi mkuki ulivyompata shingoni, jinsi maji yalivyoondoka naye. Malkia akapiga magoti. Vikongwe wakaanza wimbo wa kwenda. Na Euthias, katikati ya uchochoro, alimwonea wivu yule malkia wa uongo, mwanamume mwenye ndevu chini ya barakoa, kwa sababu yeye angalau aliletewa mjumbe. Kisha akajiuliza, na mimi nimempelekea baba yangu mjumbe gani? Aliyekuwepo siku ile ya tanuri ni nani kama si mimi? Mjumbe nilikuwa mimi, na kwa miezi saba nimekaa kimya na kula mkate wake.

Akakata shauri kusema. Kukata shauri ni rahisi. Alitoka mjini hadi Akarnai, mwendo wa asubuhi nzima, akiyapanga maneno. Alimkuta mzee chini ya kibanda anachekecha makaa, mikono ikipapasa kutenga mazuri na mabovu. Vumbi la upande wa ndani halikuwa limefagiliwa tangu kiangazi. Mvua haikufika pale, na nyayo zao zilikuwepo bado, jozi mbili, moja ikifuata nyingine. Mzee alinyanyuka kufuata gunia, na kama ilivyokuwa desturi yake siku hizi, alizunguka ukutani, akaziacha nyayo zilivyo, akapita. Euthias alikuwa ameona hivyo mara nyingi na kudhani ni kipofu anayefuata ukuta.

"Baba, nina neno."

"Unacheza lini?"

"Kesho kutwa. Baba, neno lenyewe ni la Lampon."

Mkono wa mzee ulitulia juu ya gunia. "Neno lingoje," alisema. "Mtu akienda mbele ya mungu asiende na kifua kitupu. Ukishacheza utaniambia. Nitakuja. Jirani atanishika mkono."

"Ni neno zito."

"Nimekwambia lingoje, mwanangu. Kula zeituni, ziko kwenye bakuli."

Akala. Alijiona mnyonge kuliko siku aliyodanganya, maana safari hii hata mdomo haukumtangulia.

Kesho yake Smikros aliteleza kwenye udongo wake mwenyewe, akateguka kifundo cha mguu. Aliletwa mazoezini begani mwa mtumishi, mguu umevimba kama mkate uliochacha, na bado anatania. "Nimefinyanga mitungi elfu haijaniangusha hata mmoja. Leo wameungana."

Fanias hakucheka. Safu ya kushoto haiwezi kuchechemea mbele ya Athene nzima. Aliwatazama wote, akasugua upara wake, akamwonyesha Euthias kidole.

"Utasimama nafasi yake. Smikros aingie uchochoroni, ajikokote huko, hakuna atakayemwona."

"Mwalimu, mimi siwezi."

"Siku ya mvinyo uliweza. Kama wewe ndiye niliyekuona, kesho nitakuona tena. Kama siye," akamkazia macho. "Lala mapema."

Sikukuu ilipambazuka na baridi kavu. Watu walikuwa wamejaa mlimani, juu ya uwanja wa michezo, tangu giza, na mito ya kukalia, tini kavu na viriba vya mvinyo. Waitikiaji walisimama kwenye njia ya kuingilia wakisikiliza ule uvumi wa maelfu ya vinywa. Smikros alikuwa mwisho, anaegemea fimbo, barakoa kwapani.

"Masizi," alimwita Euthias. "Usiangalie watu. Angalia kisogo cha mwenzio. Nami nipo nyuma yako, ukisikia mtu anachechemea ujue ni rafiki."

Euthias alivaa uso wa bibi kizee. Ulimwengu ukawa matundu mawili. Zumari likalia, wakaingia wakiimba.

Sehemu ya kwanza aliicheza kwa woga, ila bila kukosea. Malkia alingoja, akaota ndoto mbaya, akafarijiwa. Kisha mjumbe akatokea anahema, na mlima mzima ukanyamaza. Ni wangapi kule juu walikuwa na mtu wao katika lile jeneza tupu? Mjumbe aliposema *mto*, mwanamke mmoja mahali fulani alitoa sauti, akazibwa mdomo. Malkia akaanguka. Wimbo wa kwenda ukaanza.

Hapo ndipo aliposikia. Moja, mbili, wote pamoja, halafu nyuma yake, uchochoroni, mguu mmoja uliokuja baadaye. Pumzi moja tu. Smikros, alisema moyoni, Smikros na kifundo chake. Moja, mbili, na ule mguu ukachelewa tena, kisigino kwanza, ukikwaruza kidogo kwenye mchanga. Ulimvuruga. Alijua akishindana nao ataanguka, na safu nzima itaanguka naye. Basi akafanya kitu pekee kilichowezekana, akaungoja. Akauacha mguu wake wa tatu hewani mpaka wa nyuma yake ufike, wakashuka pamoja.

Nywele zikamsimama chini ya barakoa.

Walikwenda kulia, wakageuka, wakaanza wimbo wa kurudi, na nyayo zikawa zilezile. Hakuzihesabu tena. Moja, mbili, ngoja. *Kuna mtu nyuma yako, unamngoja akufikie.* Alilia kwa sauti na hakuna aliyejua, kwa kuwa wote kumi na tano walikuwa wanalia, hiyo ndiyo kazi waliyopewa. Alimlilia kaka yake mbele ya mji mzima, kwa uso wa kikongwe asiyemjua, katika maneno ya Fanias, na kwa mara ya kwanza tangu kiangazi hakuwa anajificha. Katika safu za chini, kwa yale matundu mawili, aliona mzee mmoja amesimama ilhali watu wote wameketi. Jirani alikuwa akimvuta nguo aketi, naye hakuketi.

Mchezo ulipokwisha, na vikongwe wakatoka kwa njia ileile waliyoingilia, Fanias alimkumba Euthias mlangoni mwa kibanda cha kuvalia akamshika mabega yote mawili.

"Ndiye," alisema, na ile sauti kubwa ilikuwa imekauka. "Ndiye yule niliyemwona. Ulikuwa wapi siku zote hizi?"

Euthias alipita ndani kumtafuta Smikros amshukuru. Alimkuta ameketi juu ya sanduku, mguu kwenye ndoo ya maji, barakoa yake ikining'inia kwenye msumari.

"Umenisaidia sana," Euthias alimwambia, uso ukiwa bado umefunikwa. "Ule mguu wako ndio ulionishika nisianguke."

"Mguu gani?"

"Wa wimbo wa kwenda. Na wa kurudi."

Smikros alimtazama kuona kama ni utani, na alipoona siyo, utani wake mwenyewe ukamtoka. "Mimi sikuingia, Masizi. Mwalimu alinizuia pale njiani, akasema nitawaharibia. Nafasi ilibaki wazi. Nimekaa na ndoo hii tangu mwanzo, muulize mpiga zumari."

Euthias alitoka nje kwa mlango wa nyuma, mahali palipokuwa na kiwanja kidogo cha mawe na mzeituni mmoja ukutani. Alitaka hewa. Baba yake alikuwa pale peke yake, amemwacha jirani, mkono mmoja ukutani. Macho yalikuwa mekundu, lakini yalikuwa hivyo kila siku.

Neno lililongoja halikuweza kungoja tena. Euthias alipeleka mikono kisogoni, akaanza kulegeza kamba.

"Baba, siku ya mvinyo, ile barakoa ya mbuzi—"

"Usiivue kwanza."

Mikono ilibaki kwenye fundo.

"Nilikuwepo siku ile," alisema mzee Dexitheos. "Nilisimama karibu na mitungi. Barakoa sikuiona, hata hii siioni. Niliona nyayo. Nani aniambie mwanangu yupi ni yupi?"

"Basi ulijua."

"Nilijua jioni ileile. Nimetoka sokoni, mnaniambia Euthias amechaguliwa kwa uchezaji wake." Alicheka kidogo, bila furaha. "Uchezaji wako."

Euthias alitaka kupiga magoti. Mzee alisikia nguo zinavyosogea akainua kiganja kumzuia.

"Meli zilikaa siku tisa. Kila asubuhi nilishika fimbo niende kwa yule mwalimu, nimwambie, bwana, umekosea mtu. Kila asubuhi nikafika kisimani. Nikimwambia, nimekutuma wewe. Nisipomwambia, nimemtuma yeye. Nikakaa pale kwenye ukingo wa kisima, watu wananisalimu, naitikia. Nikirudi nawasikia mnacheza kwenye vumbi, anakufundisha. Siku ya tisa nilikaa mpaka upepo ukaanza. Nikashukuru, mwanangu. Nilishukuru kwamba upepo umenisemea."

Kutoka upande wa pili wa kibanda ulisikika mlima ukipiga kelele kwa mchezo mwingine uliokuwa unaingia. Mzee alingoja kelele zipungue.

"Kwa hiyo usiniletee habari ninayoijua. Uliyonayo wewe ni nusu, nusu nyingine ninayo mimi. Tutazibeba hivyohivyo."

"Baba, kule uwanjani, nyuma yangu—"

"Niliona," alisema mzee. "Sasa tembea. Nenda mpaka pale kwenye mzeituni, halafu urudi."

Euthias alikwenda. Moja, mbili, akangoja, kisigino kikashuka kwenye jiwe. Moja, mbili, akangoja. Ndani ya barakoa pumzi yake ilikuwa na joto na harufu ya gundi. Aligusa shina la mzeituni kwa vidole, akageuka. Baba yake alikuwa ameuacha ukuta na kusimama katikati ya kiwanja, kichwa amekiinamisha upande, macho yakimtoka machozi asiyoyapangusa. Umbo la mwanawe lilianza kumjia kwa nyayo zilezile.

"Polepole," alisema mzee. "Usifike upesi."